Kuvuna Viazi Kinangop: Somo kwa Jamaa za Eastlands

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, vituo vya magari mjini Nairobi hujaa wazazi na watoto waendao mashambani. Wengi wao hutoka katika mitaa ya Eastlands: Kaloleni, Bahati, Jericho, Umoja, Kayole, Dandora na mingineyo. Wengine huenda kuwasalimu wazee tu. Lakini wale ambao wazee wao hulima Kinangop, Molo au Limuru huitiwa kazi, maana huo ndio wakati ambapo viazi vilivyopandwa kwa mvua za masika huwa tayari kuchimbuliwa.

Msaada huo ni jambo jema. Hata hivyo yafaa kila jamaa ya mjini ijue kwamba kiazi ni kitu kilicho hai, hata baada ya kutolewa ardhini. Hupumua, hutoka jasho, huumia na hupona jeraha lake. Mikono ya haraka isiyofundishwa yaweza kuharibu katika siku tatu kazi ya miezi minne, na gharama yake hulipwa na jamaa ile ile: shambani kwa bei duni, na mjini kwa viazi viozavyo chini ya kitanda. Somo letu la leo ni hilo, jinsi ya kuvuna viazi bila kuvijeruhi, na jinsi ya kuviuza bila kupunjwa.

ASILI YA MAFUNGAMANO HAYA

Viazi ulaya, au waru kama waitavyo watu wa Kinangop, havikutoka Ulaya kwa asili. Nyumbani kwake ni milima ya Andes, katika nchi ya Peru na jirani zake huko Marekani ya Kusini, ambako watu walivilima maelfu ya miaka kabla ya Wazungu kuviona. Viliingia Kenya pamoja na walowezi mwishoni mwa karne ya 19, vikapendezwa na baridi ya nyanda za juu, na leo ni zao la pili la chakula nchini baada ya mahindi.

Mitaa ya Eastlands nayo ina historia yake. Sehemu kubwa ya nyumba za kwanza zilikusudiwa wanaume waliokuja mjini kufanya kazi peke yao, huku wake na watoto wakibaki shambani. Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulikuwa miongoni mwa mitaa michache ya mapema iliyofikiriwa kwa ajili ya watu wenye jamaa. Mwaka wa 1954 kamati iliyochunguza mishahara ya Waafrika, chini ya Bwana Carpenter, ilishauri kwamba mshahara wa chini uhesabiwe kwa mahitaji ya mtu na jamaa yake, wala si ya mtu mmoja tu. Kabla ya hapo shamba ndilo lililojaza pengo la mshahara, na hata baadaye desturi hiyo haikuisha. Mpango wa makazi wa ekari milioni moja ulipoanza katika miaka ya 1960, mashamba mengi ya walowezi huko Kinangop yaligawanywa kwa wakulima wadogo, na miongoni mwao walikuwamo watu waliokuwa na ndugu au watoto mjini. Hivyo mtoto wa Eastlands aendaye kuvuna viazi hafanyi jambo geni. Anaendeleza kazi iliyoanza kabla yeye hajazaliwa.

JAMAA TUTAKAYOITUMIA KUWA MFANO

Natuitwae jamaa moja iwe kama kioo. Baba ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mama anauza mboga karibu na Barabara ya Jogoo. Watoto ni watatu: mvulana wa miaka kumi na sita, msichana wa kumi na tatu, na mdogo wa minane. Nyanya yao mzaa baba anakaa Kinangop chini ya milima ya Nyandarua, mahali palipo na urefu wa kiasi cha mita 2,500 juu ya bahari. Ana nusu ekari ya viazi. Kutokana na nusu ekari hiyo anatazamia mambo matatu: fedha za karo ya mvulana kwa muhula wa tatu, chakula cha nyumbani, na mbegu ya kupanda mvua za vuli zitakapofika.

Jamaa ilifika Jumatano jioni, baada ya kupanda gari la Naivasha hadi Flyover na kubadili gari la kwenda Njabini. Kulikuwa na siku tatu tu, kwa kuwa Jumapili baba alipaswa kurudi kazini. Mvulana alitaka kuanza kuchimba alfajiri ileile. Nyanya alimwambia, "Ngoja, mjukuu wangu. Kwanza tukiulize kiazi kama kiko tayari."

SOMO LA KWANZA: JE, KIAZI KIMEKOMAA?

Namna ya kukiuliza kiazi ni rahisi. Chimbua mashina mawili au matatu mahali mbalimbali shambani, kisha usugue kila kiazi kwa kidole gumba. Ganda likichubuka na kujikunja, kiazi hicho ni kichanga, kiache. Ganda likishikamana imara, kiazi kimekomaa na kitaweza kustahimili safari.

Ganda haliwi imara lenyewe tu. Wiki mbili kabla ya siku ya kuvuna, Nyanya alikuwa amekata mashina yote karibu na ardhi na kuyaondoa shambani. Watoto walishangaa kuona shamba tupu, wakadhani mtu ameliharibu. Sababu zake ni mbili. Kwanza, shina likiisha kukatwa, kiazi huacha kukua, na ganda lake hupata nafasi ya kuwa gumu. Pili, kama majani yalikuwa na ugonjwa wa ukungu, vijidudu vyake huanguka juu ya viazi wakati wa kuchimba na kuviozesha ghalani. Majani yakiisha kuondolewa na siku kadha kupita, hatari hiyo hupungua sana.

Ukungu huo si jambo la mchezo. Ndio ulioangamiza viazi vya nchi ya Ireland kuanzia mwaka wa 1845. Kwa kuwa mamilioni ya maskini walitegemea zao hilo moja, watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine wengi mno wakaikimbia nchi yao.

Tena, usivune siku ya mvua. Udongo mbichi hushikamana na kiazi, na kiazi kilicho na maji huoza upesi gunini. Alhamisi asubuhi kulikuwa na umande mwingi. Nyanya aliwapa watu wake chai na viazi vya kuchemsha, akangoja mpaka saa tatu jua lilipokausha udongo. Kungoja huko hakukuwa uvivu.

SOMO LA PILI: NAMNA YA KUSHIKA JEMBE

Mvulana alikuwa na nguvu na alitaka kuonyesha. Alipiga jembe katikati ya tuta, na kila alipoinua, kiazi kimoja au viwili vilitoka vimekatwa. Baada ya hatua kumi tu, msichana aliyekuwa akiokota alikuwa na viazi vilivyojeruhiwa vya kujaza karai. Nyanya hakumkemea. Alimwambia avihesabu viazi vizima, kisha ahesabu vilivyokatwa. Vilivyokatwa vilikuwa kimoja katika kila vitano.

"Shamba hili nalitazamia kutoa magunia arobaini," akasema Nyanya. "Ukiendelea hivi, manane yatakuwa ya kuliwa wiki hii au kutupwa. Na karo ni yako wewe."

Basi akamwonyesha. Tumia jembe la meno, kwa sababu hupita kati ya viazi, ilhali jembe la bapa hukata kila kinachokutana nalo. Simama kando ya tuta, usisimame juu yake. Chomeka meno pembeni, mbali kidogo na shina, yaingie chini ya viazi. Kisha inua udongo polepole, uupindue, na uviache viazi vijitokeze vyenyewe. Mwenye kuokota asivirushe viazi kutoka mbali, bali aviweke. Kiazi kilichorushwa chaweza kuonekana kizima kwa nje, na ndani kikawa na doa jeusi ambalo mnunuzi huliona akiisha kumenya.

Mdogo wa miaka minane alipewa kazi yake pia. Alipita nyuma ya wengine akiokota masalio, hata vile vidogo kama gololi. Watu wengi huviacha wakidhani havina thamani. Kumbe kiazi kilichoachwa ardhini huchipuka chenyewe msimu ufuatao, na kama kina ugonjwa, huutunza na kuupitisha kwa mazao mapya. Usafi wa shamba ni sehemu ya mavuno.

SOMO LA TATU: JUA NI ADUI

Ilipofika saa sita, mama alitaka viazi viachwe juani mpaka jioni vikauke vizuri, kama vile akaushavyo maharage. Kwa viazi desturi hiyo haifai. Saa moja au mbili za hewa kavu zatosha kukausha udongo ulio juu ya ganda. Baada ya hapo viazi vifunikwe au vipelekwe kivulini.

Kiazi kikikaa katika mwanga huanza kugeuka rangi ya kijani. Kijani chenyewe hakina madhara, maana ni ile ile rangi ya majani. Lakini ni ishara kwamba ndani ya kiazi hicho imeongezeka sumu iitwayo solanini, ambayo kiazi huitengeneza ili kujikinga. Sumu hiyo hufanya kiazi kiwe kichungu, na mtu akila kwa wingi huumwa na tumbo na kutapika. Kuchemsha au kukaanga hakuiondoi. Kiazi chenye kijani kidogo kikatwe sehemu ile kwa kina, na kilichoenea kijani kisipikwe kabisa, hasa kwa watoto.

Mama wa jamaa yetu alisikia maneno haya kwa makini, kwa kuwa mezani pake mjini huweka viazi mafungu mafungu juani tangu asubuhi hadi jioni. "Kumbe ndiyo maana wateja wengine hurudisha," akasema. Dawa yake ni nyepesi: weka mafungu machache mbele ya wateja, na vilivyobaki vikae gunini chini ya meza, penye kivuli.

SOMO LA NNE: KUCHAGUA NA KUGAWA

Ijumaa ilikuwa siku ya kuchagua. Nyanya alitandika magunia kivulini na kugawa viazi katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni viazi vikubwa na vya wastani, vizima na visafi. Hivi ni vya kuuza.

Fungu la pili ni vilivyokatwa au kuchubuka. Hivi huliwa kwanza nyumbani, wala havichanganywi na vizima, kwa sababu jeraha moja huoza na kuambukiza gunia zima.

Fungu la tatu ni vilivyooza au vyenye dalili za ugonjwa. Hivi huondolewa mbali na shamba na kufukiwa, wala havitupwi katika shimo la mbolea.

Fungu la nne ni mbegu, na hili ndilo lililohitaji busara zaidi. Wakulima wengi huuza viazi vikubwa, hula vya wastani, na kubakiza vidogo vidogo kuwa mbegu. Kufanya hivyo ni kuchagua wanyonge kuwa wazazi. Mara nyingi kiazi huwa kidogo kwa sababu shina lake lilikuwa gonjwa, na ugonjwa huo hupandwa tena pamoja nacho. Baada ya misimu michache mavuno hupungua, na mkulima hulaumu udongo.

Nyanya alifuata njia ambayo mabwana shamba huwafundisha wakulima. Viazi vilipokuwa katika maua, alipita shambani na kuchomeka vijiti kando ya mashina yaliyokuwa na afya njema, yenye majani ya kijani yasiyojikunja wala kuwa na madoa. Mashina hayo ndiyo aliyoyachimba kwanza, peke yake, kabla ya mengine. Katika viazi vyake alichagua vyenye ukubwa wa yai la kuku, akaviweka mbali. Njia hii haishindi mbegu iliyothibitishwa, kama ile itokayo Molo au katika kituo cha utafiti wa viazi cha Tigoni karibu na Limuru. Lakini mbegu hiyo haipatikani daima kwa kila mtu, na kuchagua mashina bora hakugharimu ila vijiti na macho.

Wakati wa kuchagua, msichana alikuta kiazi kilichotoa ute mweupe machoni. Nyanya alikikata katikati, na wote wakaona duara la rangi ya kahawia ndani yake. Huo ni ugonjwa wa mnyauko, unaoletwa na bakteria wakaao ardhini. Hauna dawa ya kuponya. Mtu akitaka kuuhakikisha shina likingali bichi, alikate karibu na mzizi na kulitumbukiza katika gilasi ya maji safi bila kulitikisa. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka majini, ni mnyauko. Shamba lililo na ugonjwa huo lipumzishwe viazi kwa misimu kadha, na lipandwe mahindi au nafaka nyingine. Nyanya, pilipili na biringani zisipandwe mahali hapo, kwa maana ni jamaa moja na viazi na hupata ugonjwa huohuo.

Kwa bahati njema kiazi hicho kilitoka pembe moja tu ya shamba. Nyanya aliweka jiwe kubwa pale, ili atakayelima asisahau.

SOMO LA TANO: GUNIA NA MIZANI

Jumamosi asubuhi dalali alifika na gari. Aliviona viazi, akavisifu, akatoa magunia yake. Yalikuwa magunia makubwa, nayo yalishonewa wavu juu ili viazi vipande kama kilemba kichwani. Gunia la namna hiyo wakulima wa Kenya huliita mukorino, na katika Tanzania huitwa lumbesa. Huweza kubeba kilo 150 na hata zaidi, lakini bei yake huhesabiwa kuwa ya gunia moja.

"Mama, huo ndio utaratibu wa hapa," akasema dalali. "Wenzako wote wamejaza hivi."

"Najua, mwanangu," akajibu Nyanya. "Nami nimejaza hivyo miaka mingi. Leo ningependa tupime."

Kanuni za zao la viazi zilizotolewa nchini Kenya mwaka wa 2019 zimeweka wazi kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50. Sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni haki ya mkulima, ambaye hawezi kujua anauza kiasi gani pasipo mizani. Ya pili ni mgongo wa mpakizi, ambaye hulazimika kubeba mzigo unaomzidi uzito wake mwenyewe. Lakini kanuni haijisimamii yenyewe. Mkulima aliye peke yake, mwenye viazi vilivyokwisha kuchimbwa na gari moja tu mlangoni, hushindwa kwa urahisi, kwa kuwa kila siku ipitayo viazi hupungua uzito na dalali analijua hilo.

Natufanye hesabu pamoja. Bei hizi ni za kujifunzia tu, msomaji aweke za soko la siku yake. Tuseme kwamba magunia ya kilo 50 yalipatikana 40, nayo 10 yakawekwa kwa mbegu na chakula. Yaliyobaki ni 30, yaani kilo 1,500. Dalali atoa shilingi 3,600 kwa gunia la kilemba la kilo 150. Magunia hayo yatakuwa 10, na jumla ni shilingi 36,000. Ukigawa, ni shilingi 24 kwa kilo.

Mama wa jamaa yetu alikuwa kimya mpaka hapo. Kisha akatoa simu na kuwauliza wakaangaji wa chipsi anaowafahamu mjini. Walisema wanataka viazi vikubwa, visivyo na majeraha wala kijani, na kwamba watalipa shilingi 1,600 kwa gunia la kilo 50 lililopimwa. Magunia 30 yangetoa shilingi 48,000. Lakini kulikuwa na nauli ya gari, ushuru na malipo ya wapakizi, na kwa gari zima gharama hizo zingemeza faida yote. Basi Nyanya alituma watoto kwa majirani wawili waliokuwa wamevuna wiki hiyohiyo. Wakaafikiana kupakia gari moja pamoja, na kila nyumba ikalipa sehemu yake, shilingi 7,000. Nyanya akabaki na shilingi 41,000.

Tofauti na bei ya dalali ni shilingi 5,000. Si mali ya kumtajirisha mtu, lakini ilitosha kutimiza karo iliyokuwa imepungua. Tena yapasa kukumbuka jambo moja kubwa: wakaangaji wasingevikubali viazi vile kama vingekuwa na majeraha. Kama mvulana angeendelea kupiga jembe katikati ya tuta, Nyanya asingekuwa na la kumjibu dalali. Bei nzuri ilianzia kwenye meno ya jembe siku ya Alhamisi.

Dalali naye tusimdharau. Hubeba hatari ya barabara mbovu, soko lililojaa na viazi kuoza njiani, na wakulima wengi humtegemea. Kinachotakiwa ni mizani kati yake na mkulima, ili kila mmoja ajue anachotoa na anachopata.

SOMO LA SITA: KUTUNZA VIAZI MJINI

Jamaa ilirudi Eastlands na magunia mawili ya chakula. Nyumba nyingi za mitaa hiyo ni za chumba kimoja au viwili, na watu husema hakuna mahali pa kuweka viazi. Pahali papo, mtu akifuata kanuni hizi:

1. Usivioshe viazi kabla ya kuviweka. Ondoa udongo mkavu kwa mkono tu, na uvioshe siku ya kupika.

2. Viweke gizani penye hewa: katika gunia, kapu au sanduku la mbao lenye nafasi, lililoinuliwa kidogo juu ya sakafu. Mfuko wa nailoni haufai, maana huzuia hewa na kuleta unyevu.

3. Kwa wiki moja au mbili za kwanza usivisumbue. Wakati huo kiazi huponya michubuko yake midogo na kufanya ganda lake kuwa zito.

4. Kila wiki vipitie, uondoe kilichoanza kuoza. Kimoja kikiachwa, kitaondoka na jirani zake.

5. Usiviweke katika jokofu. Baridi kali hugeuza wanga wa kiazi kuwa sukari, na kikikaangwa huwa cheusi na kichungu.

6. Jua aina uliyo nayo. Aina ya Shangi, ipendwayo sana kwa kuwa hukomaa upesi na huiva haraka jikoni, huchipuka mapema kuliko nyingi. Hiyo iliwe kwanza.

Mbegu iliyobaki Kinangop hutunzwa kwa namna tofauti. Nyanya aliitandaza juu ya chanja, mahali penye mwanga hafifu usio wa jua kali. Mbegu ikiwa kijani si kosa, kwa sababu hailiwi, na mwanga huo huifanya itoe machipukizi mafupi yenye nguvu. Hapa ndipo wageni wa mjini huchanganyikiwa: mwanga ulio adui wa kiazi cha kula ni rafiki wa kiazi cha mbegu. Basi mafungu hayo mawili yasiwekwe pamoja, na mtu asichukue viazi vya chanjani akavipika.

MANENO YA MWISHO

Waswahili husema, haba na haba hujaza kibaba. Hasara nayo huja kwa haba na haba: kiazi kilichokatwa hapa, kilichoachwa juani pale, gunia lililopandishwa kilemba bila kupimwa. Hakuna hata moja kati ya hizo inayoonekana kuwa msiba siku inapotokea. Zikikusanyika, mtoto hukosa karo, na nyumba hukosa mbegu.

Jamaa za mjini zina faida moja ambayo wakulima wengi hawana. Huona mwanzo na mwisho wa kiazi: hukichimba shambani, hukinunua sokoni, hukila mezani. Kwa hiyo zaweza kuwapa wazee habari za yale ambayo wanunuzi wanayataka, na kuwapa majirani wa mjini habari za jinsi chakula chao kinavyopatikana. Msaada huo una thamani kama ule wa mikono.

MASWALI YA KUJADILIWA NYUMBANI

1. Kwa nini mashina ya viazi hukatwa wiki mbili kabla ya kuvuna? Taja sababu mbili.

2. Jirani yako amebakiza viazi vidogo kabisa kuwa mbegu. Utamweleza nini?

3. Mkulima ana kilo 900 za kuuza. Dalali anampa shilingi 3,300 kwa gunia la kilo 150. Mnunuzi mwingine anampa shilingi 1,450 kwa gunia la kilo 50, lakini nauli na gharama nyingine ni shilingi 4,000. Auze kwa nani, na tofauti ni shilingi ngapi?

4. Ni viazi gani vyaweza kuachwa kuwa kijani, na kwa nini?